Miaka Kumi ya Luol Deng na Timu ya Chicago

 

Tuliahidi kuandika juu ya usafi wa visima, lakini kuna jambo limeingilia kati, mtusamehe. Mama mmoja alikuja shuleni amekasirika kweli kweli. Kijana wake wa darasa la saba hashiki tena daftari, kutwa yuko uwanjani anarusha mpira kwenye ile ringi yetu isiyo na wavu. Akimgombeza, anajibiwa: "Luol Deng naye alikuwa mkimbizi." Basi mama akatuuliza sisi walimu, "Huyo Deng ndiye atakayemlisha mwanangu?"

Tulicheka kidogo, halafu tukaona ni swali la haki. Maana sisi wenyewe ndio tuliowasimulia vijana habari za Deng, na pengine tulisimulia nusu. Leo tuseme yote.

Luol Deng alizaliwa Wau mwaka 1985, kusini mwa Sudani ya wakati ule, katika jamii ya Wadinka. Baba yake alikuwa mtu wa serikali, hata akawa waziri. Vita vikawatawanya, watoto wakapelekwa Misri. Huko walikaa miaka kadhaa wakingojea karatasi. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa kungojea karatasi ni kitu gani. Huko Misri walikutana na Manute Bol, Mdinka mwenzao mwenye urefu wa sentimita 231, aliyekuwa amecheza ligi kubwa ya Marekani, NBA. Manute akamfundisha mpira kaka yake Luol, na mdogo akawa anafuata nyuma. Angalieni hapo, wazazi: kabla ya timu yoyote alikuwepo mtu mzima aliyekubali kusimama juani na watoto wa wenzake.

Baadaye familia ikapewa hifadhi Uingereza, wakakaa kusini mwa London. Luol akacheza Brixton, na akiwa na miaka 14 akaenda Marekani. Akaenda kufanya nini? Kusoma. Aliingia shule ya Blair huko New Jersey, kisha mwaka mmoja Chuo Kikuu cha Duke. Sehemu hii vijana wetu huwa wanairuka kama dimbwi la maji.

Mwaka 2004 Phoenix walimchagua akiwa wa saba kati ya wachezaji wapya, na papo hapo akapelekwa Chicago Bulls. Timu ile ilikuwa haijaingia kwenye michezo ya mtoano tangu Michael Jordan aondoke mwaka 1998. Msimu wa kwanza wa Deng wakaingia. Mwaka 2007 wakawafunga Miami, waliokuwa mabingwa, michezo minne kwa sifuri. Msimu wa 2010-11 wakashinda michezo 62, halafu hao hao Miami wakawatoa katika fainali ya upande wa mashariki. Kombe hakulipata kamwe, tusidanganyane.

Alikuwa mchezaji wa namna gani? Si wa mbwembwe. Kazi yake ilikuwa kumkaba mchezaji hatari wa wapinzani, kukimbia bila mpira, na kutotoka. Mchezo wao una dakika 48. Misimu miwili mfululizo, 2011-12 na 2012-13, yeye ndiye aliyecheza dakika nyingi kwa mchezo katika ligi nzima, zaidi ya 38 kwa wastani. Januari 2012 mshipa wa kifundo cha mkono wa kushoto ulichanika. Akakataa upasuaji, akamaliza msimu, na kiangazi kile akaichezea Uingereza kwenye Olimpiki ya London, mji uliompokea. Sisi hatuwashauri kucheza na jeraha, jamani, mkiumia nendeni zahanati. Tunasema tu jinsi ilivyokuwa.

Halafu, Januari 2014, baada ya karibu miaka kumi, Bulls wakambadilisha na mchezaji wa Cleveland. Ndiyo biashara ya mpira: leo uko nyumbani, kesho unafunga mizigo. Akapita timu nyingine kadhaa. Lakini mwaka 2019, alipoamua kustaafu, alirudi Chicago ili jina lake lifungwe likiwa la Bulls. Tumeongea sana juu ya hilo hapa staff room. Mwenzetu mmoja anasema yeye asingerudi kwa watu waliomtoa. Sisi wengine tunaona mtu aliyepoteza mji wa kuzaliwa anajua thamani ya mahali alipokaa miaka kumi.

Mwaka huo huo alichaguliwa kuongoza shirikisho la mpira wa kikapu la Sudani Kusini. Nchi haikuwa na uwanja wa ndani, na gharama nyingi alizitoa mfukoni mwake. Mwaka 2023 timu ikafika Kombe la Dunia, ikaifunga Angola 101 kwa 78 na kupata nafasi ya Olimpiki. Julai 2024 waliwasumbua Wamarekani wenyewe mjini London, wakapoteza kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Paris wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79, siku ambayo kwa makosa walipigiwa kwanza wimbo wa taifa wa Sudani! Wachezaji wengi walikuwa watoto wa wakimbizi. Mmoja wao, Khaman Maluach, alikuwa na miaka 17, na amekulia hapa hapa Uganda, Kawempe.

Yule mama tulimsomea haya yote. Akanyamaza, akauliza: "Kwa hiyo alisoma?" Tukasema alisoma. Sasa wamepatana na kijana: daftari linakaguliwa kwanza na mama mwenyewe, ingawa yeye hasomi, anahesabu kurasa zilizoandikwa. Kijana analalamika kwetu kwamba anapimwa kama maharage. Tumemwambia avumilie.

Mazoezi ni Jumamosi saa kumi jioni, wasichana pia. Ringi ya upande wa kisima imelegea. Mwenye waya mgumu atuletee. Visima tutaandika mwezi ujao.