ALIOMBA KUSEMA, WAKAMPA RISASI

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi watu wa mji,

Leo tunasema habari ya Valery Sablin, afisa wa manowari za Urusi. Wakubwa wake walimwita haini. Sisi tunakataa jina hilo, na tunawapa sababu.

Sablin alizaliwa Leningrad mwaka wa 1939, mtoto wa afisa wa bahari. Aliingia chama cha Kikomunisti, na kazi yake katika manowari Storozhevoy ilikuwa kuwafundisha mabaharia siasa ya chama. Aliwafundisha kwamba inchi ni ya wafanyakazi. Lakini macho yake yaliona mambo mengine: wakubwa wa chama walikuwa na maduka yao wenyewe, na mfanyakazi alipanga mstari mrefu kungoja chakula. Aliyeuliza alifungwa mdomo.

Usiku wa tarehe 8 Novemba 1975, katika bandari ya Riga, Sablin alimfungia kapiteni katika chumba cha chini. Akawaonyesha mabaharia sinema ya manowari Potemkin, ambayo watu wake waliasi mwaka wa 1905 wakati wa mfalme. Kisha akawaeleza shabaha yake: kupeleka meli Leningrad, na kudai nafasi katika redio na televisheni aseme na watu wote. Mabaharia wengi walikubali. Maafisa waliokataa walifungiwa, na hakuna aliyeuawa.

Angalieni, ndugu: mtu huyu hakutaka fedha wala cheo. Aliomba kusema. Serikali ikamjibu kwa ndege za vita. Tarehe 9 mabomu yaliisimamisha meli. Mabaharia wengine walimfungulia kapiteni, naye akampiga Sablin risasi ya mguu. Mbele ya mahakama Sablin alijitwisha kosa lote. Walimwua tarehe 3 Agosti 1976, akiwa na miaka 37. Baharia Alexander Shein, aliyemsaidia, alipata kifungo cha miaka 8.

Mwaka wa 1994, Umoja wa Sovieti ulipokuwa umekwisha vunjika, mahakama ya Urusi iliondoa neno uhaini na kubadili hukumu kuwa kifungo cha miaka 10. Maiti atakaa kifungoni namna gani?

Wengine watasema: askari wakiasi, inchi inaharibika. Neno hilo lina kweli. Watu karibu 200 waliingizwa hatarini kwa usiku mmoja, bila kutayarishwa. Hata ujumbe wake kwa watu ulitumwa kwa maandishi ya siri ya jeshi, na watu wenyewe hawakuusikia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye haki sherti awatafute wenzake mapema, awafundishe, wasimame pamoja.

Lakini kosa la kwanza lilikuwa la wale walioziba masikio. Chama kinachojiita cha wafanyakazi, kikiogopa sauti ya mfanyakazi, kimekwisha kuwa bwana mpya mwenye fimbo ya zamani.

Kwa hiyo, ndugu, msipime chama chochote kwa bendera wala kwa nyimbo, hata kama ni chama chenu wenyewe. Mtu mdogo akisimama katika mkutano na kuuliza mali ya wote imekwenda wapi, tazameni anajibiwa au anakamatwa. Hapo mtajua kama uhuru ni wenu au ni wa wakubwa peke yao.