Kimya chetu ndicho kinachokanyaga mafuta

KAULI YA IJUMAA
Na Mwanakombo Shali

Kila ajali kubwa ikitokea nchini, taarifa ya polisi huja na maneno yale yale: dereva alikuwa mbioni, akajaribu kulipita gari la mbele, gari likamshinda. Kesho yake mheshimiwa fulani hufika hospitalini na wapigapicha, akawashika majeruhi mkono, akatoka nje kuwaonya madereva wawe waangalifu. Madereva wa nchi hii wameonywa tangu sijaanza shule. Mwaka 2024, kwa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), watu zaidi ya 4,700 walipoteza maisha katika barabara za Kenya.

Tatizo la onyo ni kwamba halimpati mwenyewe. Mwaka 1981 mtafiti Ola Svenson aliwauliza wanafunzi wenye kuendesha magari, wengine Wamarekani na wengine Waswidi, wajipime wenyewe na wenzao waliokuwa nao. Katika ustadi wa usukani, asilimia 93 ya Wamarekani walijiweka kwenye nusu ya juu. Waswidi walikuwa na haya kidogo: asilimia 69. Hesabu hiyo haikubali, maana nusu ya juu haiwezi kubeba zaidi ya nusu ya watu. (Wangeulizwa madereva wetu wa Mombasa, nashuku asilimia 100 isingetosha.) Ndiyo maana bango la “Endesha kwa uangalifu” kila dereva hulisoma kwa niaba ya mwenzake.

Sasa kuna utafiti uliofanywa hapa hapa kwetu, na unaniudhi kwamba tunauzungumza kidogo kuliko wageni. James Habyarimana na William Jack, wanauchumi wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, waliamua kumwacha dereva kando na kumwendea abiria. Walizichukua matatu za masafa marefu, wakazigawa bila upendeleo, na zaidi ya elfu moja wakazibandika vibandiko kwa ndani, pale jicho la abiria linapotua akiwa kitini. Vibandiko vilimhimiza abiria asikae tu akitazama huku dereva akicheza na roho yake. Aseme, na aseme sasa. Vingine vilikuwa na maneno peke yake, vingine na picha ambazo singependa mwanangu azione. Na kwa kuwa hakuna anayewajua watu wa matatu asiyejua kwamba kibandiko cha namna hiyo hakimalizi wiki, iliwekwa bahati nasibu: gari likikaguliwa na vibandiko vingali mahali pake, dereva ana nafasi ya kushinda pesa.

Kisha watafiti hawakumuuliza dereva kama amebadilika. Walikwenda kwa kampuni za bima wakaangalia madai ya fidia. Katika magari yenye vibandiko madai yalishuka kwa nusu hadi theluthi mbili yakilinganishwa na magari yasiyokuwa navyo, na madai ya ajali zenye majeruhi au vifo yalishuka kwa nusu au zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011. Karatasi yenye gundi nyuma ilifanya kazi ambayo vizuizi vya polisi, pamoja na yanayotendeka kwenye vizuizi hivyo, vimeshindwa kuifanya miaka yote.

Ukiwa msomaji mwenye shaka, na uwe nayo, utasema elfu moja ni chache. Wao pia waliona hivyo. Mwaka 2015 walichapisha jaribio la pili, safari hii magari 12,000. Mafanikio yalipungua ukubwa, kama yanavyopungua mambo mengi yakitoka chungu kidogo kwenda sufuria la harusi: madai yalishuka kwa robo hadi theluthi moja. Bado walikadiria kwamba ajali kama 140 ziliepukwa kwa mwaka. Ndani ya jaribio hilo mlikuwa na mambo mawili ambayo kila mwenye bajeti ya usalama barabarani angepaswa kuyabandika ukutani mwake. La kwanza, kampeni ya redio iliyoambatana na vibandiko haikuonyesha athari yoyote iliyoweza kupimwa. La pili, ujumbe uliofanya kazi zaidi ni ule uliowataka abiria wachukue hatua kwa pamoja.

Kuna namba nyingine humo iliyonikaa kichwani. Walipopima mwendo wenyewe, magari yenye vibandiko yalikuwa yakienda polepole zaidi kwa kilomita moja au mbili tu kwa saa. Moja au mbili! Mtu anaweza kucheka. Lakini kanuni inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Gari lililokuwa kwenye 80 likishuka hadi 78, hatari inapungua kama sehemu moja ya kumi. Hiyo pekee haifiki robo wala theluthi. Mimi naona, na hii ni rai yangu si yao, kwamba sauti ya abiria haifanyi kazi safari nzima. Inafanya kazi katika zile sekunde chache dereva anapochungulia upande wa kulia wa lori, mbele kuna kona, naye anapima kama itaingia au haitaingia. Pale mtu akipaza sauti nyuma, mguu unarudi. Wastani wa mwendo wa siku nzima hautikisiki sana, lakini ile kona ya mauti imeepukwa.

Kwa nini basi lazima kibandiko? Watu wazima kumi na wanne, wengine wamesimamia harusi na misiba ya ukoo mzima, wanashindwaje kumwambia kijana mmoja apunguze mwendo?

Nilipanda matatu ya Malindi hivi karibuni. Tulipoipita Mtwapa dereva alianza kuyapita magari kama aliyesikia nyumbani kwake kunaungua. Nilitazama miguu ya watu. Kila mtu alikuwa amekaza wayo sakafuni, anakanyaga breki isiyokuwapo. Kijana wa pembeni alizidisha sauti ya muziki masikioni. Mama mmoja wa kiti cha nyuma, kanga begani, akasema kwa sauti ya upole kabisa: “Mwanangu dereva, hebu twende taratibu.” Utingo akacheka: “Mamangu, anayetaka taratibu apande mkokoteni.” Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni mzee wa kiti cha mbele, aliyegeuza shingo akamwambia yule mama: “Mwache dereva afanye kazi yake.” Yule mama akanyamaza mpaka aliposhuka Kilifi.

Ndiyo hali. Si dereva aliyemnyamazisha, ni abiria mwenzake. Tumelelewa kwamba mwenye usukani asisumbuliwe, kwamba anayelalamika garini ni mwoga au mshamba, na kwamba ya Mungu hayazuiliki. Pia tuna haraka, tusidanganyane. Wengi wetu tuliopanda gari lile tulilichagua kwa sababu lilikuwa karibu kujaa na utingo alituapia kuwa litawahi. Kibandiko hakimfundishi mama yule jambo asilolijua. Kinampa ruhusa. Kinamwambia yule mzee kwamba kulalamika ni sehemu ya safari kama kulipa nauli, na kinamfanya dereva ajue kwamba watu wote wamekisoma.

Hata hivyo sitaki abiria abebeshwe mzigo peke yake, maana huyo kijana mwenye usukani naye anaendeshwa. Anayefahamu biashara ya matatu anajua mkataba wake, ambao kwa kawaida haujaandikwa popote. Mwenye gari anataka kiasi fulani kila jioni. Dereva na utingo wanatia mafuta, wanatoa ya sacco, wanatoa ya stejini, wanatoa ile ya njiani ambayo haina risiti, wanamkabidhi mwenye gari chake, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto wao. Asubuhi ya foleni na mvua haipunguzi hesabu. Kila abiria anayechukuliwa na gari la nyuma ni unga uliotoka mdomoni mwao. Dar es Salaam ni vivyo hivyo: dereva wa daladala hupeleka hesabu kwa “tajiri”, na mtafiti Matteo Rizzo aliandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo, akionyesha kwamba fujo tunazoziita tabia mbaya za madereva zimefungamana na jinsi wanavyolipwa.

Wengi wetu tungedhani mwenye gari akijua anavyoendeshewa gari lake, atamkanya. Hilo nalo limejaribiwa. Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer walifunga vifaa vya kufuatilia mwendo katika matatu 255 za Nairobi, na wamiliki waliochaguliwa bila upendeleo wakapewa programu ya simu iliyowaonyesha kila kitu: gari liko wapi, limeanza saa ngapi, limekwenda kasi mara ngapi, limefungwa breki kwa ghafla mara ngapi. Utafiti ulitoka mwaka 2024 katika jarida la American Economic Review. Wamiliki waliifurahia sana programu ile. Madereva walifanya kazi saa nyingi zaidi, gari likaharibiwa kidogo kuliko zamani, mwenye gari akaweza kulegeza kile kiwango cha kila siku, na faida ikapanda kwa takriban asilimia 13.

Usalama? Haukubadilika. Haukuharibika, hilo tuliseme kwa haki, lakini haukuwa bora. Taarifa za mwendo zilikuwa mkononi mwa mwenye gari, na yeye alizitumia kwa linalomhusu, yaani gari na pesa. Madereva walibadili uendeshaji wao pale tu watafiti walipowalipa wao wenyewe ziada ndogo ya pesa kwa kuendesha salama.

Mimi simlaumu mfanyabiashara kwa kutazama biashara yake. Ninaloshangaa ni serikali zetu kuendelea kuamini kwamba kifaa kikifungwa, kazi imekwisha. Kidhibiti mwendo hakina uchungu na mtu. Aliye na uchungu ndani ya matatu, ambaye akifika salama ndiyo faida yake yote, ni abiria, na ndiye pekee ambaye hakuna kanuni inayomkumbuka ila kumtaka afunge mkanda.

Kuna mwingine asiyekumbukwa kabisa. Kundi kubwa zaidi la wanaokufa katika barabara za Kenya ni watembea kwa miguu. Huyo hana kiti wala kibandiko, na hata akipiga kelele dereva hamsikii. Yake ni vivuko, matuta na njia za miguu zisizogeuzwa vibanda, na safu nyingine kabisa. Nimemtaja ili msomaji asiondoke hapa akidhani vibandiko vitamaliza kila kitu.

Kwa walio ndani ya gari lakini, kuna la kufanya, nalo si geni hata kisheria. Wanaokumbuka Februari 2004 wanakumbuka Wakenya walivyotembea kwenda kazini kwa sababu matatu nyingi hazikuwa barabarani. Zilikuwa zinafungwa vifaa ili zitimize kanuni za Waziri John Michuki. Kila mtu anazikumbuka kanuni hizo kwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80, mikanda, ukanda wa njano ubavuni na sare za utingo. Ilikuwamo na nyingine, kwamba wenye magari wawaajiri madereva na utingo kwa kudumu. Ukanda wa njano nauona kila siku. Dereva wa matatu mwenye hati ya mshahara wa mwezi namtafuta.

Najua watakavyojibu wenye magari, kwa sababu wamenijibu. Dereva wa mshahara, wanasema, atalala chini ya mwembe saa nane mchana, abiria wachukuliwe na wengine, na mwisho wa mwezi aje kudai chake. Kwa zamani walikuwa na hoja. Mwenye gari aliyekaa Kisauni hakuwa na njia ya kujua kama gari lake liko Mariakani au liko chini ya mwembe, kwa hiyo akaona heri adai kiasi kisichobadilika, dereva ajipange mwenyewe na barabara. Lakini wamiliki wa Nairobi waliopewa programu ile waliuona mwembe wote kwenye simu zao, na wenyewe wakapunguza hesabu bila kulazimishwa na mtu. Kisingizio cha kutomwona dereva kimekwisha. NTSA ikifungua faili la leseni mwaka ujao, pamoja na cheti cha kidhibiti mwendo iombe na hati ya mshahara wa dereva, na kampuni za bima, ambazo ndizo zilizopungukiwa na madai katika majaribio yote mawili, zilipie uchapishaji wa vibandiko.