Kofia si utovu wa nidhamu

Binti yangu yuko darasa la nne na ana ualbino. Kila siku ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, namsimamisha mlangoni kwetu hapa Bunda kumpaka losheni ya jua. Ananyoosha mkono wake mwenyewe, nami namkamulia mistari miwili, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati, kuanzia ncha mpaka kwenye shina. Hicho ndicho kipimo cha uso na shingo, na masikio yanaongezewa kidogo. Jirani akiniona huniambia namaliza dawa bure. Namjibu kwamba ile namba 30 iliyoandikwa kwenye chupa ilipimwa kwa miligramu 2 kwenye kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, na wengi wetu tunapaka nusu ya hapo au pungufu. Ukipaka nusu, 30 huipati.

Mjomba wangu, kaka yake mama, naye alizaliwa hivyo hivyo. Alianika na kuuza dagaa Mwigobero, Musoma. Asubuhi alijipaka mafuta ya mgando mpaka uso ukang'aa, akiamini amejikinga. Mafuta ya mgando hulainisha ngozi, jua hayalizuii. Kilianza kigaga kidogo juu ya sikio la kushoto. Kikabanduka, kikarudi, kikawa kidonda kilichokataa kufunga. Alipokwenda hospitali, saratani ilikuwa imeshaingia ndani. Tulimzika nyumbani Butiama akiwa na miaka 34, na mama yangu mpaka leo hanunui dagaa Mwigobero.

Musoma iko digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta, na ufuko wenyewe wa ziwa uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua la hapa halina msimu wa kupumzika, na mionzi yake hupenya hata mawingu. Ngozi yenye rangi kidogo kama ya binti yangu haina pa kujifichia.

Losheni ninayompaka asubuhi inatakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili akiwa juani. Mtoto anatembea mpaka shule, anatoka jasho, anafuta uso kwa mkono, anafagia uwanja. Ikifika mapumziko ya saa nne hana tena kinga ya maana, na saa sita jua liko utosini. Mzazi aliyepaka mara moja alfajiri amefanya kazi nzuri ambayo shule inapaswa kuiendeleza, na hapo ndipo mambo yanapokwama.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo niseme la kitambaa. Mtu mzima akijipaka mwili mzima anahitaji karibu mililita 30 kwa mara moja. Chupa ya mililita 100 haimalizi hata siku mbili. Ndiyo maana nguo ndiyo kinga ya kwanza, na losheni ni ya pale nguo isipofika: uso, masikio, shingo, viganja kwa nyuma. Namshonea binti yangu sare ya mikono mirefu kwa kitambaa kilichofumwa kikashikana, kile ambacho ukikiinua dirishani huoni mwanga ukipenya. Kofia naipa ukingo wa inchi tatu kuzunguka kichwa kizima. Kapelo haitoshi. Mjomba alikuwa nayo, na sikio lake lilikuwa nje.

Mwaka jana kofia hiyo alivuliwa mstarini, mbele ya wenzake, kwa kuwa si sehemu ya sare. Alirudi na shingo nyekundu, usiku akalala kifudifudi. Nilipouliza kwenye kikao cha wazazi nikaambiwa akiruhusiwa mmoja wote watataka. Na watake! Mtoto gani ameharibika nidhamu kwa kuvaa kofia juani?

Ninachoomba kwa shule zote za Bunda, Butiama na Musoma hakihitaji bajeti. Kofia na mikono mirefu viandikwe kwenye kanuni za sare kwa watoto wenye ualbino. Chupa ya pili ikae ofisini, kivulini, maana joto huiharibu losheni, na saa nne mwalimu wa zamu amwite mtoto apake kabla ya kutoka kucheza.

Serikali nayo ina sehemu yake. Juni 13, siku ya kimataifa ya kuelimisha kuhusu ualbino, losheni hugawiwa, na kila chupa naishukuru. Lakini Juni ikipita tunarudi kubahatisha. Kilisun, losheni iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, inatengenezwa hapa hapa nchini, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC, Moshi. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza losheni ya jua kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Basi ipatikane zahanati kila mwezi, iandikwe kwenye daftari kama dawa ya kisukari inavyoandikwa.

Januari binti yangu anaingia darasa la tano. Kofia nimeshona mbili, moja ya kubaki shuleni.