UCHAMBUZI: Begi la safari limechakaa, mfanyabiashara wa mpakani anunue lipi?

Kila inapofika Oktoba na Novemba, wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bujumbura huanza safari za kufuata mzigo wa sikukuu. Wengine huishia Kariakoo au Eastleigh, wengine huvuka Tunduma kuelekea Lubumbashi, na wenye mtaji mkubwa kidogo hupanda ndege kwenda Dubai au Guangzhou. Katika maandalizi yote hayo, ya pasi, chanjo na kubadilisha fedha, jambo moja huachwa hadi jioni ya mwisho nalo ni begi.

Matokeo yake yanajulikana. Lile la zamani gurudumu limeng'oka, zipu imefungwa kwa pini, na mwenyewe anakimbilia duka la kwanza analolikuta Mtaa wa Kongo na kununua linalong'aa kuliko mengine. Safari ya pili mkono wa kuvuta haupandi. Safari ya tatu ganda limepasuka kwenye kona, na nguo za watu zimelowa kwenye buti la basi.

Kwa msafiri wa mara moja kwa mwaka hiyo ni kero tu. Kwa mtu anayevuka mpaka mara mbili kwa mwezi, ni hasara inayokula faida pole pole bila kuandikwa kwenye daftari. Tuseme begi la shilingi 70,000 za Tanzania linadumu safari tatu. Kila safari imelipia zaidi ya shilingi 23,000 kwa begi peke yake. Tuseme jingine ni shilingi 220,000, likatengenezwa mara moja kwa 30,000 na likadumu safari ishirini. Hapo kila safari ni shilingi 12,500. Ndugu msomaji, hesabu hii ni ya mfano na kila mmoja aweke bei za sokoni kwake, lakini mwelekeo wake haubadiliki sana.

Kwa nini mabegi huuzwa kwa seti

Tuanze na jambo ambalo wauzaji hawana sababu ya kulieleza. Begi tupu ni hewa. Kwenye kontena, anayelisafirisha analipia nafasi kuliko uzito, ndiyo maana mabegi kutoka China hufungwa moja ndani ya jingine, matatu au manne pamoja, la inchi 20, la inchi 24 na la inchi 28. Aliyeleta mzigo amelipia nafasi ya lile kubwa, na madogo yamekuja ndani yake. Kwa hiyo anapenda uchukue seti nzima, na anakupigia bei inayofanya seti ionekane ya bure.

Mfanyabiashara hahitaji seti. Anahitaji moja kubwa, au mawili makubwa yanayolingana, na dogo la kupanda nalo ndani. La kati huishia juu ya kabati. Ni heri fedha ya mabegi matatu dhaifu iende kwenye mawili imara, hata kama itabidi kubishana na muuzaji anayesema seti haivunjwi. Huvunjwa, hasa jioni.

Kuna pia suala la ushuru. Masanduku na mabegi ya safari yamo katika kifungu cha 42.02 cha orodha ya forodha, sura moja na bidhaa za ngozi, yawe ya ngozi, plastiki au kitambaa. Kuanzia Julai 1, 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongeza daraja la asilimia 35 juu ya yale ya 0, 10 na 25, na bidhaa za ngozi zilitajwa miongoni mwa zitakazopanda. Aidha, kila mwaka nchi wanachama huomba kutumia viwango tofauti kwa muda. Anayetaka kuleta mabegi ya kuuza aulize msimbo na kiwango cha mwaka huo kwa wakala wake kabla hajalipa chochote Guangzhou.

Ganda gumu au kitambaa?

Swali hili huulizwa kana kwamba lina jibu moja. Jibu linategemea begi litalala wapi.

Anayepanda ndege anaweza kuchukua la ganda gumu. Hata hivyo yale maganda yanayofanana kwa macho si kitu kimoja. La bei ya chini karibu kila mara ni la plastiki ya ABS, ambayo ni nyepesi na inapokea rangi vizuri, lakini likipigwa kwa nguvu hupasuka. Polikaboneti hubonyea na kurudi. Polipropilini nayo hujikunja bila kuvunjika na mara nyingi ndiyo nyepesi zaidi. Lebo ya ndani husema limetengenezwa kwa nini, na kama haisemi, weka begi chini, bonyeza ubavu wake mpana kwa kiganja cha mkono. Likiingia ndani na kurudi kimya kimya, vizuri. Likitoa mlio mkavu na kubaki na alama nyeupe, rudisha.

Anayepanda basi asinunue ganda gumu kabisa, na hapa sina kigugumizi. Ndani ya buti la basi la Dar kwenda Nairobi kupitia Namanga, begi lako linakaa chini ya magunia, na utingo hana muda wa kupanga. Ganda lolote likibebeshwa hivyo kwa saa kumi na nne litaachia kwenye kona au kwenye fremu. Kitambaa kinene cha nailoni au poliyesta, kilichoshonwa mara mbili kwenye pembe na chenye bitana ndani, kinavumilia msongamano kwa sababu kinafuata umbo la mzigo.

Na lile la shangazi kaja, la miraba ya bluu na nyekundu? Lisidharauliwe. Afrika Magharibi hulipa jina la tukio la mwaka 1983, Nigeria ilipowafukuza Waghana wakafungasha vyao humo. Halina uzito, likikunjwa linaingia mfukoni, na kwa mzigo laini kama vitenge au mitandio hakuna kinacholishinda kwa bei. Kasoro yake ni zipu na mikono, ndiyo maana wazoefu hulifunga kamba na gundi ya karatasi toka mwanzo. Ni chombo cha kurudi nacho, siyo cha kwenda nacho.

Magurudumu

Hapa ndipo mabegi mengi hufia, kwa hiyo tukae kidogo.

Begi la magurudumu lilibuniwa kwa ajili ya sakafu laini. Bernard Sadow wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1972, na lile la kusimama lenye mkono mrefu lilitoka kwa rubani Robert Plath mwaka 1987. Wote wawili walikuwa wakifikiria viwanja vya ndege. Hakuna aliyefikiria kokoto za stendi.

Magurudumu manne yanayozunguka kila upande ni raha kwenye marumaru, ila yamejitokeza nje, ni madogo, na kila moja linashikwa na kipini kimoja chembamba. Likikwama kwenye ufa wa lami huku umelivuta kwa haraka, kipini hukatika. Magurudumu mawili makubwa yaliyozama ndani ya mwili wa begi yanadumu zaidi, ingawa mgongo utachoka kidogo. Kwa barabara zetu ningechagua mawili bila kufikiri mara mbili.

Angalia pia yalivyofungwa. Ya skrubu yanabadilishika, ya ribiti yatamlazimu fundi kutoboa. Mafundi viatu na mabegi wa miji yetu wanaweza kuweka gurudumu jipya kwa gharama ndogo ikiwa kuna mahali pa kufungia. Muulize muuzaji kama ana magurudumu ya akiba. Asipokuwa nayo, hilo nalo ni jibu.

Jambo moja la watu wa pwani. Magurudumu mengi yamevikwa poliyurethani, na kitu hicho huharibiwa na unyevu na joto hata begi likiwa limekaa tu. Ndiyo sababu begi lililowekwa miaka minne chini ya kitanda Tanga au Mombasa hutoka likiwa zima, kisha magurudumu yakageuka unga kabla ya kufika stendi. Ngozi bandia nayo hubanduka kwa chanzo hicho hicho. Anayenunua begi la mtumba lililotoka Ulaya, na yapo mazuri sana Gikomba na Owino, achomeke ukucha kwenye gurudumu. Likiacha shimo au kunata, ahesabu bei ya magurudumu mapya ndani ya bei anayoambiwa.

Zipu na mkono

Namba iliyo nyuma ya kichwa cha zipu hukaribiana na upana wa meno yake kwa milimita. Kwa begi kubwa tafuta 8 au 10. Ya 5 ni ya mfuko wa nje. Jina la YKK, kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1934, ni ishara nzuri ikiwa ni la kweli, ila limeigwa sana. Vuta zipu mara kumi dukani, hasa kwenye kona. Inayogoma ikiwa begi tupu haitakubali likiwa limejaa.

Wanaotegemea kufuli wajue kwamba zipu ya meno ya nailoni hufunguliwa kwa ncha ya kalamu na kufungwa tena bila kuonekana. Zile kufuli za TSA zilizotengenezwa kwa ajili ya wakaguzi wa Marekani hazina faida Kasumbalesa, na michoro ya funguo zake kuu ilishasambaa intaneti mwaka 2015. Fedha na nyaraka zisikae humo kabisa.

Mkono wa kuvuta uinue hadi juu, kisha uutikise. Kucheza kidogo ni kawaida, kwani mkono usiocheza hata chembe huvunjika mapema. Ukicheza kama jino la mtoto, acha.

Kilo za begi tupu

Mashirika mengi ya ndege hupokea kilo 23 kwa begi moja, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 158, magurudumu na mikono ikihesabiwa. Begi linaloitwa inchi 28 mara nyingi limepimwa mwili tu, kwa hiyo nenda na futi ya fundi cherehani. La inchi 32 huvuka kipimo karibu kila mara, na ukilijaza bidhaa linapita pia kilo 32, ambazo ndizo kikomo cha kipande kimoja katika viwanja vingi.

Hapa kuna fedha halisi. Begi la kilo 4.8 badala ya la kilo 3.2 linakunyang'anya kilo 1.6 za bidhaa. Kwa mabegi mawili ni kilo 3.2, na kwa safari kumi ni kilo 32, yaani begi zima la mzigo lililoachwa Dubai. Muuzaji wa simu au vipodozi anajua kilo 32 ni kiasi gani. Ukiwa dukani omba mizani. Begi la kuchaji simu lenye betri isiyotoka liache hapo hapo, kwani tangu mwaka 2018 mashirika mengi hayalipokei.

Risiti

Wafanyabiashara wengi hutupa risiti ya begi pamoja na karatasi za ndani. Ni kosa la gharama. Tanzania ni risiti ya EFD, Kenya eTIMS, Uganda EFRIS, na kazi yake haiishii kwa mamlaka ya mapato.

Kwanza mpakani. Begi lililotumika lenye nguo zako ni mali binafsi. Matatu mapya yenye lebo, moja ndani ya jingine, ni bidhaa, na afisa wa forodha ana haki ya kuyatoza. Wala cheti rahisi cha uasili, kile cha mzigo usiozidi dola 2,000, hakitakusaidia, kwa sababu ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Begi la China halibadiliki kuwa la Tanzania kwa kununuliwa Kariakoo. Tranka la bati linalogongwa na mafundi wa Kamukunji, Nairobi, lina hoja ya kuombewa cheti hicho, iwapo limo kwenye orodha ya mpaka husika. Anayeuza kwa wanafunzi wa bweni alifikirie.

Pili uwanja wa ndege. Dhamana ya mtengenezaji, hata ile ya miaka kumi, kwa kawaida haihusu begi lililovunjwa na wapakiaji. Anayehusika hapo ni shirika la ndege, chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 ambao Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimo. Kikomo cha fidia ya mizigo kilipandishwa Desemba 28, 2024 kutoka vizio 1,288 vya SDR hadi 1,519 kwa abiria. Lakini malalamiko ya uharibifu lazima yafike kwa maandishi ndani ya siku saba tangu ulipopokea begi. Ukishatoka nje bila kuandikisha ripoti kwenye dawati la mizigo, ni vigumu kuthibitisha kwamba halikuvunjikia kwenye bajaji. Piga picha ya begi likiwa zima kabla ya kulikabidhi, piga nyingine kwenye mkanda wa mizigo, na uambatanishe risiti inayoonyesha ulilinunua lini na kwa bei gani.