Hausigeli Kafukuzwa Usiku, Nasi Tunaulizwa Mbona Hatucheki



Leo tuna ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na mashoga zetu wa Tanga, watu tunaowapenda, tunaooana nao, na ambao kila tukivuka kutoka Pemba hatulali njaa. Tunagombana juu ya kipindi cha vichekesho cha kwenye televisheni. Jina lake tunaliacha, maana viko vingi vya namna hiyo na vyote vinafanana kama vikombe vya seti moja: nyumba ya kitajiri, mama mwenye nyumba mkali, baba mwenye nyumba asiyetulia macho, na hausigeli kutoka shamba ambaye kila wiki lazima avunje kitu.

Sehemu iliyozua mabishano ni hii. Baba anamvizia binti jikoni. Mama anaingia ghafla. Binti anachapwa kwa kandambili, anazungushwa meza mara tatu, na dakika ya mwisho anasukumwa nje ya geti usiku, nguo zake zikiwa ndani ya mfuko wa rambo. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, lakini hausigeli wa kwenye televisheni habari hazijamfikia, bado anafukuzwa nayo.) Muziki, kicheko, majina ya waigizaji, kwisha.

Basi tumekaa wiki nzima tukisikia watu wakibishana. Kambi moja inasema binti kajitakia, anapitaje mbele ya mume wa mtu na kanga moja? Kambi ya pili inasema kosa ni la mama, kwa nini amechelewa kumfukuza, dalili zote alikuwa anaziona. Wakatokea na wa tatu, wapenzi wa sanaa, wao wanapima tu nani kaigiza vizuri na nani kazidisha kupiga kelele. Tukasubiri. Tukasubiri atokee mmoja aseme, na yule baba je? Hakutokea. Baba katika mabishano yale alikuwa kama fenicha, yupo ndani ya nyumba lakini hakuna anayemuuliza kitu.

Na hakuna aliyeuliza jambo jepesi kuliko yote: mshahara wake wa mwezi ule amelipwa?

Huo ndio ugomvi wetu. Mnazungumza kipindi kile kama hadithi ya mapenzi na fumanizi. Sisi tunasema ni kipindi cha kazini. Jikoni pale ni mahali pa kazi kama benki ilivyo mahali pa kazi, kama bandari ya Tanga, kama mashamba ya mkonge yaliyoujenga mji wenyewe. Kuna mwajiri, kuna mwajiriwa, kuna saa za kazi (kama zipo), kuna ujira. Hebu mhamishieni kisa kile ofisini. Mkurugenzi anamvizia karani wake penye mashine ya fotokopi, mke wa mkurugenzi anaingia, karani anapigwa kiatu na kutupwa barabarani usiku bila senti. Mngecheka? Mngesema kajitakia? Mngeandamana. Mngetaka mkurugenzi atajwe jina. Tofauti ni kuti na bati tu: yule ana cheti na meza, huyu ana mwiko na ndoo.

Sheria haikuona tofauti hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ndiyo inayotumika Bara na kwa hiyo Tanga, haikumwacha nje mfanyakazi wa ndani. Mwenye kulipwa kwa mwezi, ukitaka kumwachisha unampa notisi ya siku 28, au unamlipa badala ya notisi. Unamlipa siku alizokwisha fanya kazi. Unamlipa likizo aliyoichuma. Unampa cheti cha utumishi. Na kuna kipengele ambacho tungependa waandishi wa kile kipindi wakisome kwa sauti: ukimwachisha kazi mahali ambapo sipo ulipomchukulia, kumrudisha kwao na mizigo yake ni juu yako, au umpe nauli. Ulimtoa Mlalo, mrudishe Mlalo. Ulimtoa Mkinga, mrudishe Mkinga. Kwa hiyo lile tukio la geti na mfuko, ambalo mmelicheka mpaka mkashika mbavu, ni kama kuonyeshwa mtu anaibiwa simu stendi halafu tukaombwa kupiga makofi kwa ufundi wa mwizi.

Wala msituambie tunaisema Bara na kuficha ya kwetu. Zanzibar tunayo Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na wasichana wa kazi wa Unguja na Pemba wanatolewa mageti yale yale. Tunaisema Tanga kwa sababu mabishano tumeyakuta Tanga.

Tulikuwa uani, nyumba moja ya Ngamiani, tumekwenda kwa harusi ya jamaa. Wanawake kama kumi na wawili tumekaa mkekani, wengine wanachambua mchele, wengine wanamenya vitunguu saumu. Mazungumzo ni yale yale ya kipindi cha jana usiku. Pembeni, juu ya mbuzi, binti wa kazi wa nyumba ile anakuna nazi. Nazi ya tatu, ya nne, ya tano. Anasikia kila neno. "Kanga moja!" "Wote ndio walivyo." "Wangu mimi nilimwambia siku ya kwanza, ukiniletea ujinga nakutoa kama ulivyokuja." Kicheko. Kisha bibi mmoja, wala hakuwa na ubaya, akamgeukia:

"Wewe dada, jana hukukiona? Mbona hucheki?"

Binti hakusimamisha mkono. Akasema, "Nilikuwa naosha vyombo, mama."

Vyombo vya waliokuwa wanatazama. Yeye hakukusudia kumpiga mtu kijembe, alijibu alichoulizwa. Mazungumzo yakageukia bei ya mchele.

Tunajua jibu lenu, maana tumeshapewa: vichekesho ni vichekesho, mnataka kutuharibia hata kicheko? Hapana. Watu wa Tanga mtu hawezi kuwafundisha kucheka. Amri Athumani, King Majuto wetu, alizaliwa Tanga mwaka 1948, akafariki tarehe 8 Agosti 2018, akarudishwa kuzikwa huko huko. Hussein Mkieti, Sharo Milionea, alikuwa mtoto wa Muheza, na Novemba 2012 ajali ya gari ilimchukua Muheza hiyo hiyo. Ukanda mmoja umetoa mafundi wawili wa kuvunja watu mbavu. Lakini mkumbukeni Majuto vizuri. Mara ngapi alikuwa yeye ndiye mjinga? Mzee mchoyo, mzee mjanja anayejiona ana akili kuliko mji mzima, mzee mwenye tamaa, na mwisho mtego wake unamnasa mwenyewe. Aliyechekwa ni mwenye nyumba. Huo ndio ufundi tunaoudai, na haukutoka Ulaya, umetoka Tanga.

Au vukeni hapo Horohoro muone jirani. Wakenya walikuwa na Papa Shirandula kwenye Citizen TV, marehemu Charles Bukeko akiigiza mlinzi wa ofisi Nairobi anayeficha nyumbani kwamba yeye ni mlinzi. Watu wamecheka miaka na miaka, na mlinzi hakudhalilika, maana tulicheka uongo wake na majivuno ya mabosi wake pia. Wakawa na Auntie Boss! ya NTV, ambamo mahausigeli ndio wenye hadithi: wana akili, wana ulimi, wana visa vyao, wanawasema mabosi wakiwa peke yao. Nyce Wanjeri, aliyemcheza hausigeli Shiru, alipata tuzo ya Africa Magic ya mwigizaji bora wa kike wa vichekesho mwaka 2018. Kumbe hausigeli anaweza kuchekesha bara zima bila kuchapwa kandambili.

Mwaka huo huo wa 2018 kulitokea jambo jingine ambalo nyinyi wapenzi wa vichekesho mnalikumbuka kuliko sisi. Majuto alipokuwa mgonjwa, ikawa gumzo la nchi: matangazo aliyofanya, mikataba aliyosaini, malipo aliyopata au hakuyapata. Serikali ikaingilia. Watu walilia. Tanga ililia zaidi, na ilikuwa na haki ya kulia, kwa sababu mzee kafanya kazi na mwenye kufanya kazi ana chake. Basi tunauliza kwa upole kabisa: aliyejua kusoma mkataba wa Majuto anashindwaje kujua kwamba binti anayekuna nazi uani kwake naye anastahili mkataba? Kiwango kilichotangazwa na serikali mwaka 2022 na kuanza kutumika Januari 2023 kilimwekea mfanyakazi wa ndani wa nyumba ya kawaida, anayelala kwa mwajiri, shilingi 60,000 kwa mwezi. Kabla yake, tangu mwaka 2013, ilikuwa 40,000. Elfu sitini ni pesa ya mapambo ya jukwaa la harusi? Haifiki hata mapambo ya mlangoni. Na bado wapo wanaoikata kwa kila sahani iliyovunjika.

Kuna na hili la lafudhi, tunalipita haraka maana linatutia hasira. Kila hausigeli wa kwenye televisheni lazima aongee Kiswahili cha kuvunjika, akivute Kisambaa, Kibondei au Kidigo, ndipo watu wajue kwamba ni mjinga. Na wanaocheka ni wajukuu wa Wabondei, Wasambaa na Wadigo. Bibi zenu wa Muheza na Mkinga walizungumza hivyo hivyo, na ndio waliokulea wewe unayecheka.

Sisi ni waumini, kwa hiyo hatuwezi kumaliza bila kugusa hili. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 11, wametajwa wanaume wasiwadharau wanaume wenzao, kisha wanawake wakatajwa peke yao, wasiwadharau wanawake wenzao, kwamba huenda anayedharauliwa ndiye mbora. Na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, ametufundisha kwamba mtumishi akituletea chakula tumketishe ale nasi, na ikiwa hatukumketisha basi tumpe tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyeubeba moto wa chakula kile. Uani kule Ngamiani pilau ilipoiva, masinia yalipangwa kwa watu sita sita. Binti alikula jikoni, kwenye sufuria, amesimama.

Mtatuambia, na waume zetu je, hamwaoni mabinti wanavyowaingia? Shoga, mume wako ana ndevu, ana watoto wanne, ana kadi ya kupigia kura. Binti ana miaka kumi na saba na hana hata nauli ya kurudi kwao. Ukiwaweka wote wawili kwenye mizani na mizani ikalalia kwa binti, mizani hiyo mbovu. Kipindi kile kinakusaidia usimtazame mumeo. Ndiyo maana unakipenda, na ndiyo maana yeye aliyekaa pembeni yako kwenye kochi anakipenda zaidi.

Waandishi wa vipindi kama mpo mnaotusoma, tunawapa sehemu ya wiki ijayo bure. Binti kafukuzwa usiku, amekaa nyumba ile mwaka mzima. Asubuhi jirani anamwambia, wewe una siku 30, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anakwenda na mfuko wake wa rambo, kwanza anasimamishwa mlangoni kwa sababu ya mfuko. Baba na mama wanaitwa. Baba kavaa suti ya harusi, mama kavaa miwani nyeusi. Msuluhishi anafungua faili, anauliza sababu ya kumwachisha kazi, na baba anatakiwa aeleze, mbele ya mkewe, alikuwa anatafuta nini jikoni saa tano za usiku. Wazee wetu waliokulia Vioja Mahakamani wanajua raha ya mtu kujikanyaga mbele ya meza ya hukumu. Mkikitengeneza hicho tupeni siku na saa, tutavuka kuja kukitazama Tanga, na vyombo siku hiyo tutaosha wenyewe mapema ili binti naye akae kwenye kochi.