Hakuna cheti, hana chake? Nani kawaambia?

Wadau wangu, wiki nzima hii mjini ni stori moja tu. Yule dada wa tamthilia, mnamjua, simtaji na msimtaje huko chini, amefungashiwa virago na mfanyabiashara wake baada ya kukaa naye miaka minne. Miaka minne ya "my wife" kwenye kila posti, misiba ya ukweni anakwenda na kanga zake, ndugu wa mume wanamwita shemeji. Leo getini anaambiwa achukue nguo zake aondoke.

Nilikaa nikasoma komenti zenu zote. Zote, saa saba usiku. Wengi mmeandika kitu kilekile: hakuna cheti, hakuna ndoa, akajipange. Mmoja kaandika kwamba miaka minne ya kupika pilau si hisa. Hiyo nilicheka, sikatai. Halafu kicheko kikaisha, maana ninawajua baadhi yenu. Mnaishi hivyohivyo. Mmepanga chumba na sebule Mbagala, Tabata, Kimara, mna mtoto mmoja au wawili, mnachanga kununua kiwanja, na cheti hamna. Kwa hiyo mnamcheka dada wa watu kwa sheria ambayo hamuijui na ambayo kesho itawahusu nyie.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivi, kwa Kiswahili cha kitaani: mwanaume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wanaowazunguka wakawa wanawajua kama mke na mume, sheria inachukulia kwamba hao wameoana. Hiyo ni dhana ya ndoa. Inaweza kupingwa mahakamani, ndiyo, mwenzako anaweza kuleta ushahidi kwamba haikuwa hivyo. Lakini hata dhana ikipingwa ikaanguka, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Na kuhusu pilau: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani zinahesabika kama mchango kwenye mali za wanandoa. Elfu moja mia tisa themanini na tatu, jamani! Wengi wetu tunaobishana humu tulikuwa hatujazaliwa.

Sasa mtaniuliza, wewe umesomea sheria lini? Sijasoma. Mimi ni wa kidato cha nne na ninaandika umbea, mnanijua. Nililazimika kujua kwa sababu ya kitu kilichotupata nyumbani mwaka juzi.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, anaendesha bodaboda. Siku moja jioni akagombana na abiria, wakashikana mashati, akapelekwa kituoni. Kituo sikitaji. Mama mkubwa akapigiwa simu saa mbili usiku aje na laki moja na nusu "ya dhamana". Mama yangu huyo anauza maandazi. Alizunguka kwa majirani, akaenda kwa mwenyekiti wa kikoba akaamshwa mtu usingizini, ikapatikana laki na ishirini. Tukafika pale mapokezi, mimi na yeye. Ukutani, juu ya kichwa cha afande, kuna bango. Maandishi makubwa kabisa kwamba dhamana ni haki yako na ni bure.

Mama mkubwa hakulisoma. Mimi nililisoma, nikanyamaza. Afande alizihesabu zile hela chini ya bango lile, dogo akatoka, tukamshukuru. Tulimshukuru! Mama mkubwa alimwambia "Mungu akubariki mwanangu." Risiti hatukupewa na hatukuomba.

Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo, maana siwezi kusema hatukuambiwa. Tuliambiwa, tena kwa Kiswahili, tena kwa wino mkubwa. Ila bango halikusema kitu cha pili: afande akikwambia toa, unafanya nini? Unamwambia nani? Unasema sentensi gani bila kuonekana mjuaji halafu ndugu yako akalala ndani? Haki bila maelekezo ya kuidai ni pambo la ukuta.

Baadaye ndio nikaanza kutafuta. Nikajua kwamba ukikamatwa unatakiwa kuambiwa umekamatwa kwa kosa gani. Nikajua kwamba polisi wana saa 24, na kama hawajakupa dhamana wanatakiwa wakufikishe mahakamani. Nikajua kuna makosa hayana dhamana kabisa, mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na mengine, lakini kugombana na abiria hakumo. Nikajua kwamba mdhamini anakuja na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, na kwamba kuahidi kiasi fulani kwenye karatasi ya dhamana si sawa na kutoa hela taslimu mkononi. Hilo la mwisho ndilo linalowaliza wengi. Mtu anaambiwa "dhamana yako laki tano", anakimbia kukopa, kumbe ni laki tano ya maandishi, utaidaiwa mtuhumiwa akikimbia.

Yote hayo nilitumia miezi kuyaokota kipandekipande. Na mimi nina simu, nina bando, nina muda. Mama mkubwa je?

Watu wa serikali watasema sheria sasa ni za Kiswahili. Kweli, mwaka 2021 ilipitishwa kwamba lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili. Mwaka huohuo Rais Magufuli alimpandisha jaji mmoja wa Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani baada ya kuandika hukumu kwa Kiswahili, watu tukashangilia mitandaoni. Hatua kubwa, siibezi. Lakini mjaribu kusoma Kiswahili chenyewe. Mjibu maombi. Hati ya kiapo. Mdaawa. Shauri limeondoshwa kwa kutokuwa na mashiko. Unatoka mahakamani umeshinda au umeshindwa hujui, mpaka umuulize mlinzi getini. Hukumu zipo mtandaoni, kuna tovuti ya TanzLII unazisoma bila kulipa senti, ila nyingi ni Kiingereza, na hizo za Kiswahili mtu wa kawaida anachoka kwenye ukurasa wa pili. Kutafsiri si kueleweka.

Halafu serikali hiyohiyo ina msemo wake kwamba kutojua sheria si utetezi. Sawa, nimekubali. Lakini ukishaniambia hivyo, maana yake umebeba deni la kuhakikisha naijua. Huwezi kuniwekea mtihani ukaficha kitabu halafu unifelishe.

Msidhani hili ni la maskini tu. Kuna msanii mmoja mkubwa, alishawahi kujaza ukumbi mara mbili usiku mmoja, leo hawezi kuimba nyimbo zake mwenyewe kwenye shoo bila kuomba ruhusa. Aliniambia kwa mdomo wake kwamba mkataba alisaini kwenye kioo cha nyuma cha gari, kurasa 20 na kitu, Kiingereza kitupu. Nikamuuliza, kaka, ulisoma? Akasema "mimi nilisoma pale kwenye hela tu." Alikuwa na miaka 19 na analala kwa rafiki. Ungekuwa wewe ungesoma?

Na huyo msanii na mdogo wangu wa bodaboda wana kesi moja. Dogo aliichukua pikipiki ya mkataba: unaleta hesabu kila siku kwa mwaka au zaidi, ukimaliza chombo chako. Wengi wanamaliza. Wengine wakibakiza mwezi mmoja, mwenye chombo anakuja na kosa, umechelewesha hesabu Jumapili, anaichukua. Mkataba ni karatasi ya daftari, au ni mdomo tu. Star na bodaboda wote wamesaini kitu kilichoandikwa na upande mmoja. Tofauti ni kwamba wa star una lebo nzuri juu.

Wadada wa saluni, wa baa, wa maduka ya nguo, hapa nawaongelea nyie. Mnadhani kwa sababu hamna mkataba wa maandishi hamna haki. Kinyume chake! Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Asipokuwa nayo na mkafikishana kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini ni wake yeye. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, zikizidi ni ovataimu na inalipwa mara moja na nusu. Uzazi ni siku 84 na mshahara unatakiwa uendelee. Ukifukuzwa hovyo unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unajaza fomu, ndani ya siku 30 tangu ufukuzwe. Kama ulikuwa kazini chini ya miezi sita, kifungu cha kuachishwa isivyo halali hakikulindi, bora ulijue mapema. Lakini siku 30! Wangapi humu wamekaa miezi mitatu wakimsubiri bosi "apoe"? Akipoa, muda wako umeisha.

Mtu ataniambia mbona msaada wa bure upo. Upo. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inawatambua wasaidizi wa kisheria, wale ambao si mawakili ila wamefundishwa. Kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kuna TAWLA, kuna WLAC, watu wamesaidiwa pale. Kuna kampeni ya Mama Samia iliyoanza 2023, mabanda yanawekwa viwanjani, wanasheria wanakaa na wananchi, migogoro ya mirathi na ardhi inasikilizwa. Mimi nilipita pale siku moja, foleni ilikuwa ndefu kuliko ya tamasha. Shida yangu ni moja: banda linakuja, linaondoka. Afande hachagui wiki ya kampeni kumkamata mdogo wako.

Kwa hiyo nachotaka si kikubwa. Msaidizi wa kisheria mmoja kwenye kila ofisi ya kata, mwenye siku zake zinazojulikana kama kliniki ya watoto, analipwa, si wa kujitolea mpaka achoke. Namba ya simu chini ya lile bango la dhamana, na iwe inapokelewa saa mbili usiku, siyo saa za ofisi. Na kila sheria inayomgusa mtu wa kawaida iwe na ukurasa mmoja wa lugha ya dukani, na sauti ya dakika mbili kwa ambaye hasomi. Wakili hawezi kufanya kazi bure kila siku, naye ana ada za watoto, nalielewa hilo. Kesi nzito zina bei yake. Ila kujua tu kama nina haki au sina, hiyo nayo inauzwa? Kuna mawakili wa mitandaoni wanafundisha vizuri kabisa, nawafuata, halafu utamu ukikolea wanasema "njoo inbox." Inbox kuna bei.

Na mastaa, nyie wenye wafuasi mamilioni. Mnatangaza mpaka vipodozi ambavyo wenyewe hampaki. Dakika moja ya kusema siku 30, saa 24, miaka miwili, mngepungukiwa nini? Yule kaka wa mkataba wa garini nilimwomba aposti yaliyomkuta. Akasema menejimenti hairuhusu, ipo kwenye mkataba. Nikaishiwa nguvu.

Kwa dada yetu wa tamthilia: kama unasoma hapa, na najua unasoma, picha za ukweni usizifute. Meseji za kuitwa mke wangu usizifute. Majirani waliokujua kama mama mwenye nyumba waandike majina yao pembeni. Anza na baraza la usuluhishi la ndoa kwenye kata yenu kabla ya mtu wa mjini hajakwambia anajua hakimu.

Na wewe uliyeandika ya pilau, nimeona profaili yako. Una miaka mitatu na yule dada, na kiwanja cha Chanika mmelipia wote.