Shahada ya Sheria: Mji Una Thamani, Ila Usiulipie Mapema

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la maombi ya vyuo likafunguliwa, familia nyingi zenye kijana anayetaka kusoma sheria huingia kwenye ubishi ule ule. Aende Dar es Salaam hata kama maisha ni ghali, au asome Morogoro, Iringa au Mwanza ambako senti inakaa mfukoni? Anayetetea Dar es Salaam hutaja mawakili na ofisi kubwa. Anayetetea mkoani hujibu kwamba Katiba ni ile ile popote inaposomwa. Wote wana hoja, ila ubishi wao hauulizi jambo moja la msingi: ni katika mwaka upi wa masomo ambapo mji mkubwa humfaa kweli mwanafunzi wa sheria?

Wazee wa taaluma hii hawakupata nafasi ya kuchagua. Masomo ya sheria ya chuo kikuu yalipoanza Dar es Salaam mwaka 1961, vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda walikutana darasa moja. Leo shahada hiyo inatolewa Mlimani, Mzumbe, Dodoma, Iringa, Mtakatifu Augustino Mwanza, Zanzibar, na Chuo Kikuu Huria kinachomfuata mwanafunzi alipo. Uchaguzi umekuwa mpana, na kwa hiyo kukosea kumekuwa rahisi.

Kosa la kwanza ni kulinganisha ada peke yake. Ada inaonekana kwa sababu imeandikwa kwenye barua ya udahili, lakini kodi ya chumba, nauli, chakula na gharama za kudurufu nyaraka hazikuandikwa popote. Kuna pia muda: programu zipo za miaka mitatu na za minne, na mwaka mmoja wa ziada una uzito zaidi kuliko tofauti ndogo ya ada. Anayetegemea mkopo wa serikali ana hesabu nyingine. Mwaka 2022 posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na kiwango hicho hakitazami mji. Bumu la anayepanga chumba Sinza au Changanyikeni ni lile lile la anayepanga Iringa. Wa Iringa anaweza kubakiza cha kununulia kitabu, wakati wa Dar es Salaam, kama hakupata nafasi ya bweni, analipa mwenye nyumba kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo kisha anawapigia simu ndugu. Na mkopo wenyewe utalipwa baadaye: mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe.

Je, Dar es Salaam inampa nini kwa gharama hiyo? Inampa mengi, ila si tangu siku ya kwanza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anahangaika na misingi ya mikataba, jinai na katiba. Anachohitaji ni mhadhiri anayefika darasani, maktaba iliyo wazi usiku, na utulivu wa kusoma hukumu ndefu mpaka azielewe. Hukumu zenyewe siku hizi zinapatikana bure mtandaoni kupitia TanzLII. Mahakama nazo zimesogea. Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki vilivyozinduliwa mwaka 2021 viko Dodoma, Mwanza, Arusha na Morogoro, si Temeke na Kinondoni tu, na ndani ya jengo moja mwanafunzi anaweza kusikiliza shauri la Mahakama ya Mwanzo asubuhi na la Mahakama Kuu mchana. Arusha kuna Mahakama ya Afrika Mashariki na ile ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Hoja kwamba sheria inaonekana Dar es Salaam pekee imepungua nguvu.

Zaidi ya hayo, safari ya Dar es Salaam inakuja tu. Anayetaka kuwa wakili lazima, baada ya shahada, apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na yenye makao yake Barabara ya Sam Nujoma. Huko ndiko ukaribu na mahakama na ofisi za mawakili unapogeuka kuwa kazi: kuandaa hati za madai, kwenda fildi, kukutana na watu watakaokumbuka jina lako nafasi ikitokea. Kwa bahati mbaya, huko pia ndiko wengi hufika wakiwa wameishiwa, kwa kuwa fedha ya familia ilikwisha kwenye miaka ya shahada.

Wala jina la chuo si kinga. Mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633 wa Taasisi hiyo, 26 tu ndio walifaulu moja kwa moja, na serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Somo kwa mzazi ni kuuliza maswali magumu kabla ya kulipa: wahadhiri wangapi ni wa kudumu, mwanafunzi anaandika mara ngapi na kusahihishiwa, mahakama ya kuigiza inafanyika kweli, kuna kliniki ya msaada wa kisheria inayohudumia wananchi? Chuo chenye majibu mazuri Mwanza ni bora kuliko chenye majibu ya kubabaisha jijini.

Msimamo wangu haumhusu kila mtu kwa namna moja. Kijana ambaye wazazi wake wanaishi Ubungo na amepata nafasi Mlimani hana sababu ya kwenda kupanga chumba mkoani. Kwake jiji ndilo nafuu. Anayefanya kazi na kutunza familia atafaidika na Chuo Kikuu Huria kuliko kuacha mshahara. Kwa aliyebaki, yaani kijana wa Songea au Bariadi anayetegemea mkopo na mchango wa ukoo, ushauri ni huu: soma shahada mahali nafuu penye ualimu mzuri na mahakama karibu, tumia likizo kujitolea kwenye ofisi ya wakili, na anza mapema kuweka akiba ya mwaka wa Taasisi.

Serikali nayo ina sehemu yake. Posho ya mwanafunzi inapaswa kuzingatia gharama za mji anakosoma. Mafunzo ya uwakili nayo yasogezwe kanda kwa kanda, kama Uganda ilivyofanya kwa kupeleka matawi ya kituo chake cha Kampala huko Mbarara na Lira. Wilaya zetu nyingi zina mawakili wachache mno, na kijana aliyefundwa karibu na kwao ana sababu zaidi ya kubaki huko kuwatetea watu wake. Nchi inayotaka haki imfikie mkulima haiwezi kuendelea kumtoza anayejiandaa kumtetea gharama ya kuishi jijini kama sharti la kuvaa joho.